Mkono Usiotikisika

Majura mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na begi lako limeshafungwa, liko hapa pembeni ya kiti nilichokalia. Ya safari tumeyasema mpaka wewe mwenyewe umechoka kuitika. Mjomba wako anakusubiri, Mwanza unaijua kidogo, na hao wa kiwanda cha samaki watakufundisha wenyewe namna wanavyotaka kazi yao ifanyike. Huko sina la kuongeza. Nataka kukuandikia lile ambalo tangu turudi kutoka Bugwema tumekuwa tunalikwepa humu ndani, mimi nikijifanya nina kazi jikoni, wewe ukijifanya umeshiba mapema.

Nikisema kwa mdomo najua nitakachofanya. Nitaanza vizuri, halafu ukinitazama tu nitageuza maneno, nikuulize kama umeweka mswaki. Ndiyo maana naandika.

Siku ile ya harusi Bugwema kamera nilikupa mimi mwenyewe, maana bega langu siku hizi linachoka. Nikakaa kwenye viti vya wageni, nakuangalia kama bosi. Ulikuwa unafanya vizuri. Viwiko umevibana mbavuni, miguu umeitanua, unamfuata yule bibi mzee, mzaa baba wa bwana harusi, pole pole alipoingia kucheza. Kisha bibi akasimama, akashika kichwa, akaanza kwenda upande. Watu wakapiga vigelegele, wakadhani ni mtindo. Wewe peke yako uliona. Uliilaza kamera kwenye majani, ukaruka, ukamdaka kabla hajafika chini. Ukamkalisha, ukavua shati ukamkinga jua, ukaita maji.

Na mimi nilifanya nini? Niliiendea kamera. Sikumwendea bibi, Majura, niliiendea kamera. Nikaiokota, nikaifuta majani, halafu nikakugeukia mbele za watu wote wale.

"Watu wamejaa hapa, wa kumshika bibi ni wewe tu? Kazi yako ni moja!"

Ulikuwa umebaki na singlendi, kichwa cha bibi kiko pajani kwako. Ukasema, "Mama, alikuwa anaanguka."

"Na picha nayo imeanguka," nikakujibu. "Huna mkono wewe. Huna."

Watu wakacheka. Walicheka kile nilichosema mimi, na wewe ukainamisha uso ukaendelea kumpepea bibi wa watu. Jioni yule bibi alikuwa anakula vizuri tu, na wajukuu zake walikuja kukushukuru mmoja mmoja. Mimi sikumshukuru mtu. Njia nzima ya kurudi Musoma nilikuwa nahesabu sehemu zilizoharibika.

Siku iliyofuata ukasema unakwenda kwa mjomba. Nikakuuliza, na kamera? Ukanijibu bila hasira, na afadhali ungekuwa na hasira: "Kamera itafutie mtu mwenye mkono."

Mwanangu, mkono unao. Nilikudanganya. Na uongo wenyewe haukutokana na picha ya Bugwema. Ule mkanda nimeuangalia ukiwa haupo. Kamera ilikuwa inaendelea kurekodi pale chini, kwa hiyo kuna majani, kuna miguu ya viti, na kuna sauti yako unasema, "Bibi, niegemee. Niegemee tu." Nimeisikiliza mara nyingi. Ilinitia hasira mara ya kwanza, kisha ikanitia aibu, na aibu hiyo ndiyo nataka uijue inatoka wapi, usije ukaondoka nayo wewe ukidhani ni yako.

Ulizaliwa miaka ile ya shida. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ya kupanga foleni, na baba yako alikuwa mpiga picha wa Kamunyonge mwenye kamera nzuri asiyekuwa na filamu ya kuweka ndani. Watu walikuwaga wanaoana bila picha hata moja. Gauni la harusi linaazimwa, linazunguka kutoka kijiji hiki mpaka kile, likifika kwa bibi harusi wa mwisho limekuwa na rangi ya chai. Baadaye mambo yakafunguliwa, bidhaa zikaanza kuingia kupitia Sirari, na baba yako akauza vitu vyake vya studio karibu vyote, akaenda Nairobi, akarudi na kamera ya video iliyotumika, ile kubwa ya kuweka begani. Alishuka nayo kwenye basi ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Harusi ya kwanza aliyoipiga ilikuwa Bunda. Alikimbia nayo huku na huku, akavuta picha mbele, akairudisha nyuma, akageuka kila aliposikia kelele. Tulipoionyesha kwa wenye harusi, babu mmoja aliomba izimwe. "Zimeni, jamani," alisema, "mimi nasikia niko kwenye mtumbwi na ziwa limechafuka." Baba yako alicheka na wenzake, lakini usiku ule hakula.

Mimi niliishika kwa bahati tu. Alikuwa anahangaika na jenereta, bibi harusi anaingia, akanipa nimshikie. Nikatembea nayo. Na picha yangu ikatulia.

Unajua kwa nini, nilikwambia ukiwa mdogo. Nilikulia Majita nikibeba ndoo ya maji kichwani kutoka ziwani. Ukikaza magoti, kila hatua inapanda mpaka kichwani na maji yanakumwagikia. Ukiyalegeza, miguu inaumaliza mtikisiko wote huko huko chini, na juu ndoo inakuja imekaa. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Ndivyo nilivyokufundisha: magoti laini, viwiko mbavuni, toa pumzi nusu na nusu ibaki, ukikuta ukuta au nguzo iegemee bila aibu. Na usimvute mtu aliye mbali. Ukimvuta kwa lenzi, hata mapigo ya moyo wako yanaonekana kwenye picha. Msogelee kwa miguu. Ukiwa karibu, picha inatulia yenyewe.

Hapo ndipo mimi niliwazidi wanaume wote wenye kamera kutoka Tarime mpaka Bunda. Mimi nilikuwa nasogea. Chumba cha bibi harusi mwanaume haingii, mimi naingia. Jikoni naingia, kwa mama mkwe naingia, kanisani napita mpaka nyuma ya altare. Watu walizoea, mwanamke mwenye kamera hana mlango unaofungwa. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote.

Jambo ambalo sikukufundisha, kwa sababu sikutaka kulifikiria, ni lile jicho la kamera, lile unalochungulia. La kamera ile lilikuwa linaonyesha nyeusi na nyeupe tu, na lilikuwa dogo kama kiberiti. Mtu akishaingia mle unamwona kama yuko mbali, kama habari ya watu wengine, hata kama anakupumulia usoni. Unaanza kuangalia mwanga na kivuli. Unaacha kumwangalia yeye.

Sasa nikueleze harusi ya Buhemba.

Unaijua. Umekua nayo. Ulikuwa darasa la kwanza nilipoipiga. Bwana harusi alikuwa ananunua dhahabu Buhemba, mtu mzima, mwenye gari, mwenye kucheka kwa sauti. Bibi harusi aliitwa Wakuru, binti wa kijiji kimoja upande wa Butiama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na amechaguliwa kwenda kusomea uuguzi. Hayo ya uuguzi sikuyajua asubuhi ile. Niliyajua alipofungua mdomo.

Tulikuwa chumbani kwao. Shangazi yake alikuwa kwenye mlango tangu alfajiri, hamruhusu atoke hata uani peke yake, nami nikadhani ni ile hali ya kawaida ya mashangazi. Pini za shela zikawa zimepotea, shangazi akatoka kuzitafuta. Mimi nilikuwa nimezima kamera, nabadilisha betri. Wakuru akanishika mkono huu wa kulia.

"Mama, tafadhali," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wewe unapita kila mahali. Mwambie padri aniite peke yangu, kabla hatujaanza. Akiniuliza peke yangu nitasema. Mimi sijakubali ndoa hii."

Nikamwambia, "Si uliulizwa maswali parokiani?"

"Baba alikaa nje ya mlango. Nilikuwa naona kivuli chake kwa chini."

Nilimwangalia. Alikuwa hatetemeki wala halii. Alikuwa ananiomba kama mtu anayemwomba mpishi chumvi, amepanga maneno yake mapema akajua hana muda. Nikasikia miguu ya shangazi inarudi.

"Sawa, mwanangu," nikasema. "Ngoja."

Majura, niliitika. Ndiyo inayoniuma kuliko yote. Ningemkatalia, angetafuta mtu mwingine. Palikuwa na mabinti wenzake, palikuwa na katekista, palikuwa na mama yake mwenyewe. Nilipoitika alifunga mdomo, akatulia, akawaacha wamvike shela. Aliniachia mimi kazi yote.

Nilikwenda kanisani mbele ya msafara. Simwongopei mtu, nilikwenda na nia ya kusema. Njiani nikaanza kufikiri. Yule bwana ndiye aliyetuita. Ng'ombe wa mahari wameshafika kwa baba wa binti, nyumba imeshaezekwa mabati mapya kwa ajili hiyo, wageni wametoka mpaka Mwanza. Nikajiambia, mabinti wote hulia kabla ya harusi, hata mimi nililia. Nikajiambia, mimi ni nani, si ndugu yao, si wa kijiji chao. Kila nilichojiambia kilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na kwa hiyo nilikibeba bila taabu.

Nikaingia sakristia. Padri alikuwa anavaa mavazi ya ibada, na mimi nikampiga picha akivaa. Hiyo sehemu ipo kwenye mkanda, umeiona, unaisifia mwanga wake wa dirishani. Alipomaliza alinigeukia. Alikuwa mtu mpole.

"Haya, mama, nimependeza?" akauliza. "Kuna lingine?"

Tulikuwa wawili tu. Mlango umefungwa. Nilikuwa nimetoa jicho kwenye kamera, kwa hiyo nilimwona mzima mzima, na rangi zake zote.

"Hakuna, padri," nikasema. "Ukiwa altareni sogea kidogo upande wa kulia, kuna kivuli."

Akasema sawa, akaniombea baraka, akatoka.

Kanisani nilisimama karibu na nguzo. Wakuru aliingia na baba yake, na toka mlangoni alikuwa ananitafuta. Akaniona. Akaangalia mlango wa sakristia, akaniangalia tena. Alikuwa bado anasubiri. Alidhani labda padri ataisimamisha pale pale, labda atamwita pembeni, hajui mambo hayo yanavyofanyika. Padri akafika kwenye lile swali la kama wamekuja kwa hiari yao bila kulazimishwa na mtu. Bwana harusi akajibu upesi. Wakuru akanyamaza.

Kimya kile unakijua kilivyo kirefu. Watu waliinua vichwa. Na mimi, badala ya kurudi nyuma, badala ya kukohoa hata, nilisogea. Magoti laini, viwiko mbavuni. Nikaenda mpaka uso wake ukalijaza lote lile jicho dogo la nyeusi na nyeupe. Nikatoa pumzi nusu, nusu nikaiacha ibaki. Chozi moja likatoka, likashuka taratibu, likapita kwenye mwanga. Alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja ndani ya lenzi. Na mimi moyoni nikasema, hii ndiyo picha.

Haikutikisika. Katika maisha yangu yote sijawahi kushika kamera ikatulia vile.

Akasema "Ndiyo." Sauti haisikiki vizuri, lakini mdomo unaonekana.

Ule mkanda ulituweka mjini, mwanangu. Baba yako aliununulia televisheni, akaiweka dirishani pa duka, na watu wakawa wanasimama nje kuangalia. Ikifika pale kwenye chozi, wanawake wanasema, "Jamani, machozi ya furaha." Wateja walikuja kutoka Bunda, kutoka Tarime, kutoka Butiama kwenyewe, wote wanasema nitengenezee kama ile ya Buhemba. Nyumba hii tunayokaa imetoka mle. Sare zako za shule zimetoka mle. Na wewe nilikukalisha mbele ya ile televisheni ukiwa mdogo, nikakuonyesha kwa kidole uso wa yule binti, nikasema, "Ona mama yako alivyotulia. Ukitaka kazi hii, jifunze hapa." Nilikufundishia kazi kwenye uso wa mtu niliyemwacha.

Hata baba yako sikumwambia. Alikuwa kwenye jenereta siku ile, hakujua lolote. Amejua mwezi huu.

Ulipokuwa darasa la tano hivi, Wakuru alikuja Musoma. Nilitoka nje ya duka nikamkuta amesimama katikati ya watu wanaoangalia dirisha, mtoto mgongoni, amekonda. Watu wanaiangalia harusi, hawamjui kuwa ndiye. Na yeye anaiangalia na wenzake. Ilipokwisha wakatawanyika, akabaki.

Akanisalimia. "Shikamoo, mama."

Niliitikia. Sijui niliitikiaje.

"Unaweza kuitoa pale?" akaniuliza. "Nikija sokoni huku, nasikia kama watu wote wameshaniona nikilia."

Nikamwambia, "Naitoa leo, mwanangu. Leo hii." Na nikaitoa. Nikaweka harusi nyingine, ya Kamunyonge. Wateja wakaanza kuuliza ile nyingine iko wapi, ile ya chozi. Wiki ile ikapita, wiki iliyofuata nikairudisha dirishani. Nilijiambia amerudi kwao, hatapita tena njia hii. Unaona ninavyokuandikia: si mara moja tu. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema niliogopa, mambo yalikwenda haraka. Ya pili nilikuwa na siku saba za kufikiri.

Halafu ikaja Bugwema, na wewe ukaiweka kamera chini bila kufikiri hata kidogo. Ulikuwa na muda mfupi kuliko niliokuwa nao mimi, na ulijua la kufanya. Nilikupigia kelele kwa sababu nilijiona. Sina neno zuri zaidi la kukueleza. Ukiwa kwa mjomba, ukikumbuka kelele zile, ujue mtu aliyekuwa anapigiwa ni mimi, ila uliyesimama pale ni wewe.

Juma lile niliposema nakwenda Bunda kuangalia vitenge, sikwenda kuangalia vitenge. Nilikwenda kumtafuta Wakuru. Niliubeba ule mkanda wenyewe, wa kwanza kabisa, nimeufunga kwenye kanga, na kiberiti pia. Nilikuwa nimepanga niuchome mbele yake. Nilijiona mtu mwenye jambo kubwa la kufanya.

Haikuwa vigumu kumpata. Alimwacha yule bwana miaka kadhaa nyuma, akatoka na binti yake tu, na sasa anashona nguo kwenye baraza moja karibu na stendi. Nilimkuta ameinama kwenye cherehani. Aliponiona hakusimamisha mguu, alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao. Kisha akanivutia kigoda.

Nilimwambia yote. Sakristia, padri alivyoniuliza kama kuna lingine, nilivyomjibu. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo alidhani nilimwambia padri, na padri ndiye aliyepuuza. Kanisani aliacha kwenda kwa ajili hiyo. Niliona namna uso wake ulivyobadilika akiipanga habari upya, na nikatamani nisingekuja, halafu nikaona aibu ya kutamani hivyo.

Wateja wawili walikuja wakaondoka.

"Si wewe uliyenioza," akasema mwishowe. "Baba ndiye aliyenioza, na amekufa, nilimzika. Lakini wewe, mama, milango yote ilikuwa wazi kwako."

Nikasema ndiyo.

"Ndiyo," akasema na yeye.

Nikafungua kanga, nikatoa mkanda na kiberiti, nikamweleza nilichotaka. Aliunyakua mkononi mwangu kwa nguvu mpaka nikashtuka.

"Uchome nini? Mama yangu yumo humu!"

Sikuelewa.

"Mama yangu anacheza humu. Alikufa mwaka uliofuata. Mimi sina picha yake hata moja, hata ya kitambulisho. Huyu mtoto ana jina lake na hamjui." Akamwita binti yake, ambaye alikuwa anakata nyuzi pale pale pembeni. "Nyangeta, njoo. Twende ukamwone bibi yako."

Unaona mambo, Majura. Mimi nilibeba kiberiti kwa ajili ya roho yangu, wala sikumuuliza mwenye uso wake anataka nini. Hata msamaha wangu nilikuwa nimeshaupangia picha yake.

Jirani yake ana kibanda cha video, kile cha kuonyesha sinema za ngumi jioni. Mchana kilikuwa tupu. Akaturuhusu, akawasha deki. Tukakaa watatu kwenye ubao wa mbele, Nyangeta katikati. Bibi yake akatokea, mwembamba, kanga mbili, anacheza na ndoo kichwani kuwakaribisha wageni, na ndoo haimwagiki. Mtoto alicheka, akapiga makofi, akasema, "Mama, ana meno kama yako!" Wakuru aliomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Wakaangalia tena, na tena, na mimi nikiwa pale nikaanza kupumua.

Kisha mkanda ukaendelea. Nikafikiri Wakuru atasema izimwe, kwa sababu alikuwa ameshapata alichokitaka. Hakusema. Padri akavaa. Kanisa likajaa. Ule uso ukaja, ukajaza kioo chote, ukatutazama.

Nyangeta aliacha kutikisa miguu. Ni mtoto wa miaka kumi hivi, anaangalia vitu kwa makini sana.

"Mama, hapo unamtazama nani?"

"Huyu mama aliyekaa na wewe."

Mtoto akanigeukia, akarudi kwenye kioo, akanitafuta mle asinione. "Yuko wapi?"

"Ameshika kamera."

"Kwa nini unalia?"

Wakuru aliniangalia mimi juu ya kichwa cha mwanawe, na nikajua hilo ni langu.

"Mama yako alikuwa ameniomba nikamwitie mtu wa kumsaidia," nikamwambia. "Alikuwa ananisubiri. Sikwenda kumwita."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa mzima."

"Sasa kwa nini hukwenda?"

Mwanangu, nilikuwa na majibu mengi. Yule bwana, ng'ombe, mabati, wageni wa Mwanza. Yote yalikuja, na mtoto alikuwa ananiangalia, na hakuna hata moja lililotoka.

"Nilitaka picha itulie," nikasema.

Akageuka tena kwenye kioo. Chozi lilikuwa linashuka kwenye uso wa mama yake, pole pole, limo ndani ya mwanga. Aliliangalia mpaka likafika kidevuni.

"Imetulia," akasema.

Nenda salama, baba yangu.

Mama yako